Chumvi Kwenye Mashavu ya Samaki

Simu ilinikuta nina injekteri nne mezani, zimefunguliwa na kuoshwa, kila moja juu ya kitambaa chake. Kazi yangu ni kutengeneza pompi na injekteri za magari ya mazutu, yaani dizeli. Karakana yangu iko Buyenzi, upande wenye maduka mengi ya vipuri, na jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kutopokea simu wakati ncha ya injekteri iko wazi, kwa sababu chembe moja ya vumbi inatosha kuiharibu. Siku hiyo nilipokea. Aliyepiga alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa mtaa wa Asiatique, na mama huyo hapigi simu asubuhi bila sababu.

"Fundi," alisema, hata salamu hakutoa. "Ile chumvi imerudi."

"Kwa samaki wangapi?"

"Nimeona watatu. Leta ile kioo yako. Na ukuje sasa hivi, kaka yangu ameshasimama hapa na chupa ya dawa kama askari."

Kioo alichokitaja ni lupu, kioo kidogo cha kukuzia ninachokibana jichoni ninapochunguza matundu ya injekteri, ambayo mengine ni membamba mno kuonekana kwa macho matupu. Nilizifunika injekteri zangu, nikanawa kwa sabuni mara tatu mpaka harufu ya mazutu ikaisha mikononi, nikachukua lupu na daftari, nikatoka kwa miguu. Kutoka kwangu mpaka dukani kwake si mbali. Lakini nakumbuka nilikuwa karibu kukimbia, mtu mzima mwenye mvi, na mafundi wenzangu waliokuwa chini ya magari walitoa vichwa nje kuuliza nani amefariki.

"Hakuna," niliwajibu. "Ni samaki."

Walicheka mpaka nikapinda kona.

Chumvi ndilo jina tuliloupa ugonjwa wa vitone vyeupe. Anayefuga samaki wa dhahabu kwa muda wa kutosha atauona siku moja: samaki aliyelala mzima anaamka na chembe nyeupe mwilini, kana kwamba mtu amemnyunyizia chumvi ya mezani. Kesho yake chembe ni nyingi zaidi. Samaki anajikuna kwenye changarawe, anabana mapezi, anapanda juu kuhema. Wiki ikiisha, tangi zima linaweza kuwa limekwisha.

Mama huyu ni wa ukoo wa Kiarabu, katika watu ambao mababu zao walitoka Omani kuja kufanya biashara na hawakurudi tena. Nyuma ya meza yake ya kukatia vitambaa kuna tangi la kioo, refu kuliko mkono wangu, na ndani yake samaki sita wa dhahabu. Wateja hudhani ni pambo. Si pambo. Katika nyumba ile, binti akiolewa, pamoja na masanduku ya nguo na udi, hutoka na samaki wawili wa dhahabu katika bakuli la kioo. Alianza mama yake, sijui kwa sababu gani, na hata yeye hajui. Ila sharti lake analijua vizuri na halilegezi. Samaki hao lazima wawe wamelishwa na bibi harusi mwenyewe, kwa mkono wake, mwaka mzima au zaidi. Samaki aliyenunuliwa jana hafai. Mabinti zake watatu wakubwa walitoka hivyo. Alibaki wa mwisho, aliyewalisha hawa sita tangu wakiwa wadogo kama kidole cha mtoto, na harusi yake ilikuwa imebaki siku tisa.

Kwa hiyo nilijua tangu hatua ya kwanza ya safari kile kilichokuwa hatarini. Wakifa wale sita, hakuna wengine.

Ni lazima pia nieleze kwa nini fundi wa pompi aliitwa kwa ajili ya samaki, ingawa habari yenyewe hainipi sifa. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa nimemtengenezea jenereta ya duka, na kwa kuwa nilisimama muda mrefu mbele ya tangi lake nikiuliza maswali, alinipa samaki wanne nikafuge. Baadaye chumvi ilipoingia kwake, iliingia na kwangu, kwa sababu nilikuwa nimechukua jani la majini kutoka tangi lake. Nikasoma kwenye simu kwamba shaba ndani ya maji inaua kijidudu cha ugonjwa huo. Ni kweli, inaua. Sasa mimi, chini ya kila injekteri ninayoifunga, huweka pete bapa ya shaba inayoziba moto usitoke, tunaiita rondela. Karakana yangu imejaa rondela. Nilichukua kiganja kizima, nikazisugua zikang'aa, nikazitia ndani ya maji, nikafurahi kwamba Mungu amenipa dawa ndani ya karakana yangu mwenyewe. Sikupima kitu. Mimi, ambaye sifungi boliti bila kipimo, sikupima. Kijidudu kilikufa, na samaki wote wanne walikufa pamoja nacho.

Nilikwenda kumwambia ukweli. Yeye wakati huo alikuwa amewapoteza wake kwa kosa jingine: alitia dawa, siku ya tatu vitone vikatoweka, akashukuru, akaacha. Vilirudi baada ya siku chache vikiwa mara kumi. Tuliketi pale dukani kama watu wawili waliofiwa, na kaka yake, mwenye duka la mazulia mlango wa pili, akaingia akasikia habari ya rondela. Tangu siku hiyo hajaniita kwa jina.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa utaratibu. Nilinunua kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada kwa muuza vitabu vya mitumba. Nilitazama video, nikaandika, nikalinganisha, nikafuta. Nilielewa ni kwa nini vitone vilitoweka siku ya tatu: kijidudu kinapokomaa hujiangusha chenyewe kutoka kwa samaki, kinajificha chini kwenye changarawe, kinapasuka na kutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa inawaua hao wanaoogelea tu. Kilicho ndani ya ngozi ya samaki hakiguswi. Nilipoelewa jambo hilo nilisimama peke yangu katikati ya karakana nikiwa na furaha kubwa, kama siku niliyoelewa kwa mara ya kwanza jinsi pompi inavyogawa mazutu kwa zamu. Na yule mama aliponunua samaki wapya sita wadogo, mimi ndiye niliyemfungia filta ya kuchuja maji.

Nilipofika dukani siku hiyo, kaka yake alikuwa kweli amesimama kando ya tangi, chupa ya dawa ya bluu mkono mmoja, mfuko wa chumvi ya mawe mkono wa pili.

"Mumupishe dokta wa mazutu!" alipaza sauti. "Ako na kilo mbili za rondela mufukoni."

"Leo nimeziacha nyumbani, mzee," nilisema.

"Alhamdulillahi. Basi samaki watapona."

"Kaka, nyamaza kidogo," mama alimwambia. Uso wake ulikuwa umekauka. "Fundi, angalia. Mi sitaki kusikia hadithi. Nataka kujua iko chumvi ao apana."

Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono yake ina hina ya kujaribia ambayo haijakolea, macho yake hayatoki kwenye kioo. "Nimewapa chakula, mjomba," aliniambia. "Wamekula wote."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza nililoandika daftarini: wamekula. Samaki mwenye ugonjwa huu kwa kawaida hali vizuri.

Niliomba robo saa bila mtu kugusa kitu. Kaka mtu aliangalia saa yake kwa makusudi. Nilivuta kigoda cha pili nikakaa, na sikutoa lupu. Nilitazama mwenendo wao kwanza, kama ninavyosikiliza injini kabla ya kufungua boneti. Mapezi yalikuwa wazi. Hakuna aliyejikuna kwenye changarawe. Hakuna aliyepanda juu kuhema. Lakini watatu kati yao walikuwa na fujo nisiyowahi kuiona kwao. Walimfuata samaki mmoja mweupe kutoka pembe moja ya tangi mpaka nyingine, wakamsukuma tumboni kwa midomo, akageuka, wakageuka naye.

"Unaona?" alisema kaka mtu. "Homa imewapanda kichwani."

Nikaomba taa ya dukani izimwe na binti aangaze kwa simu yake kutoka ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele huvificha vitone na mwanga wa pembeni huviinua. Nikabana lupu jichoni nikasogea mpaka pua ikagusa kioo.

Vitone vilikuwapo. Vyeupe, vya duara, vimeinuka. Kwa sekunde chache niliamini ni chumvi. Kisha nikaanza kuuliza swali ninaloliuliza kwa kila ncha ya injekteri: wapi hasa? Kwenye samaki wa kwanza, vilikuwa juu ya kifuniko cha shavu, kile kinachofunguka na kufunga samaki anapovuta pumzi. Mgongoni, hakuna. Mkiani, hakuna. Kisha vingine, vidogo, vimepangwa kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, kwa mstari, kama mshono. Nikamtafuta wa pili. Mashavuni, na ukingo wa pezi la kifuani. Wa tatu vivyo hivyo.

Ugonjwa haupangi mistari. Ugonjwa unanyunyiza ovyo, mkiani, mgongoni, popote. Na hawa watatu wenye vitone ndio wale wale watatu waliokuwa wanamfukuza mweupe.

Nilirudisha daftari nyuma, kurasa nyingi nyuma. Nilikuwa nimenakili sentensi mbili kutoka kile kitabu kisicho na jalada, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa macho yangu hata siku moja: kwamba dume la samaki wa dhahabu, likikomaa na wakati wa kuzaana ukifika, hutoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na kwenye ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani.

"Mama," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinishangaza ilivyopanda, "nadhani hawa si wagonjwa. Nadhani ni madume."

Kaka mtu alicheka mpaka akaweka mfuko wa chumvi chini.

"Yampaye! Sasa udume ni ugonjwa wa ngozi?"

"Ni vipele vya ndoa, mzee."

"Wapi! Mi nilioa wake wawili, sikutoka hata kipele kimoja."

Hata mama alicheka, lakini kwa muda mfupi. Akaonyesha samaki wa tano kwa kidole. "Na huyu? Huyu juzi alikuwa dhahabu tupu. Sasa iko na weusi kwenye mapezi, kama ameungua. Huyu naye ameoza ao ameolewa?"

Swali lilikuwa zuri, na jibu lake nilikuwa nalo. Wiki mbili kabla, umeme ulikuwa umekatika kwa vipindi virefu, na mazutu ya jenereta hayakupatikana mjini. Filta ilikaa bila kufanya kazi. Uchafu wa samaki ulipobaki majini uliwachoma, kama maji yenye jiki yanavyochoma mikono. Ngozi ya samaki wa dhahabu inapopona baada ya kuungua hivyo, hutoa weusi, jinsi kovu letu linavyotoa rangi nyingine. Weusi ule ulikuja baada ya hatari kupita. Ungeendelea kutanuka na maji yakiwa mabaya, ningeogopa. Lakini nilipima maji kwa vijikaratasi vya kupimia vinavyokaa kando ya tangi, na yalikuwa safi.

"Na yule mweupe?" aliuliza binti. "Alikuwa dhahabu zamani."

"Huyo ni jike, amepauka tu. Hapa ndani hakuna jua, na wengine hupauka wakikua. Anakula, anaogelea, hana neno."

Mama alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. "Una hakika, fundi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshaua samaki wanne. "Apana," nilijibu. "Hakika sina. Sijawahi kuviona vipele hivi kwa macho. Nimesoma tu."

"Basi tutie dawa," alisema kaka mtu. "Kama ni ugonjwa, wapone. Kama ni ndoa, wabarikiwe."

Nilimweleza kwa nini sivyo. Dawa ya bluu inaua pia vijidudu vyema vinavyoishi ndani ya filta na kula uchafu. Vikifa, maji yatawachoma tena, na yule mwenye makovu hatastahimili mara ya pili. Na kama kweli wanazaana, mayai yatakuja ndani ya maji yenye dawa. Lakini nilisema pia upande wa pili, kwa sababu ilikuwa haki yao kuusikia: kama nimekosea na huu ni ugonjwa, kila siku tunayosubiri ni siku tunayowapa vijidudu.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nilisema. "Kitone cha ugonjwa hakitulii. Kinakua, kinaanguka, kinatokea pengine. Kipele cha dume kinabaki pale pale. Nitawachora wote sita, nitie kila kitone mahali pake. Kesho tunalinganisha."

Mama alikiweka kitambaa chini. "Fundi, ukikosea, mutoto wangu anatoka mikono mitupu. We unajua hivyo."

"Najua."

"Kesho saa nne. Dakika moja zaidi, mi mwenyewe natia dawa."

Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri nikichora. Kuchora samaki anayekimbia ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Binti alinisaidia kuhesabu. Macho yake yalikuwa bora kuliko yangu hata mimi nikiwa na lupu. Dume la kwanza, shavu la kushoto, vitone kumi na kimoja. Shavu la kulia, tisa. La pili lilikuwa na vichache zaidi, la tatu lilikuwa na vingi mpaka usoni karibu na jicho. Wateja waliingia kununua vitambaa vya harusi nyingine wakamkuta bibi harusi amepiga magoti sakafuni akisema "kumi na mbili, kumi na tatu, subiri amegeuka", nao wakapiga magoti.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ililia. Alikuwa binti, na alikuwa anaongea upesi kiasi kwamba Kiswahili, Kifaransa na Kirundi vilitoka pamoja. Nilichoelewa ni kwamba kuna kitu kwenye nyasi za plastiki. "Kama shanga, mjomba! Shanga ndogo ndogo, zimejaa!"

Safari hii nilikimbia, na sikuwajibu mafundi.

Zilikuwapo. Nyasi za plastiki, ambazo mama alizinunua kwa ajili ya urembo tu, zilikuwa zimefunikwa na vijiduara vya manjano hafifu, angavu, vikubwa kidogo kuliko mbegu za mchicha, vimeganda kwenye kila jani. Mamia. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile ndani ya maji. Na wale sita walikuwa wanaogelea taratibu katikati ya mayai hayo wakiyala, jani kwa jani, kwa utulivu wa watu walioketi kwenye karamu.

"Wanakula watoto zao!" mama alipiga kelele. "Subhanallah!"

"Leta beseni! Beseni safi, lisilo na sabuni!"

Tulijaza beseni maji ya tangi lile lile, tukahamisha nyasi zote, binti akishika upande mmoja na mimi wa pili, maji yakitiririka juu ya meza ya vitambaa na mama akivuta majora ya hariri pembeni huku akitulaani na kutuombea dua kwa pumzi moja. Kisha nikafungua daftari. Kumi na kimoja, kushoto. Tisa, kulia. La pili: sawasawa na jana. La tatu: sawasawa, mpaka kile kimoja karibu na jicho. Hakuna kitone kilichoanguka, hakuna kilichozaliwa. Nilitaka kuimba.

"Na huyu?" alisema kaka mtu.

Alikuwa ameingia bila kusikika. Safari hii hakuwa anacheka. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo, mbele ya yule samaki mweupe, jike waliyekuwa wanamfukuza. "Huyu umesema ni jike. Hana vipele mashavuni. Sasa angalia mukia."

Nikaangalia. Kwenye mkia mweupe, katikati kabisa, kulikuwa na kitone kimoja. Cheupe, cha duara, kimeinuka. Nikafungua mchoro wa jana: mkia ulikuwa safi. Kitone kipya, kwa jike, mkiani. Kila kitu nilichokuwa nimesema mwenyewe kuhusu ugonjwa kilikuwa pale, kwenye nukta moja.

Mama aliichukua chupa ya bluu mezani. Hakuifungua bado, aliishika tu. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Kama ni chumvi, basi imeingia, na wote sita wanayo, na mayai yako katika maji yenye vijidudu. Lakini kulikuwa na njia moja ya kujua bila kusubiri. Kijidudu hukaa ndani, chini ya utando wa ngozi. Hakifutiki. Ukikisugua utamwumiza samaki na chenyewe kitabaki.

"Nataka pamba," nilisema. "Na mtu wa kumshika, mwenye mikono iliyolowa maji ya tangi. Isiwe mikono yangu, samaki haijui."

Ni binti aliyemshika. Alimwinua kwa viganja viwili, nusu ndani ya maji, nusu nje, na yule samaki hakupigana. Alikuwa ameizoea mikono ile kwa chakula. Nikalowesha pamba, nikabana lupu, nikaukunjua mkia kwa ncha ya kidole. Chini ya lupu kitone kilionekana kikubwa, cheupe kama maziwa, lakini duara lake lilikuwa kamilifu mno, na kivuli chake kilianguka juu ya mkia. Hakikuwa ndani ya ngozi. Nikapitisha pamba mara moja, bila nguvu.

Kilitoka.

Mkia ulibaki mzima, mwangavu, bila alama. Juu ya pamba kulikuwa na yai. Yai lisilorutubishwa hubadilika rangi, hupoteza uangavu na kuwa jeupe, na hili lilikuwa limeganda kwenye mkia wa mama yake kama lilivyoweza kuganda popote.

"Yai!" nilisema. Nadhani nilipiga kelele. "Ni yai! Tazama, mzee, tazama mwenyewe!"

Nikampa lupu. Hakujua kuibana jichoni. Ilianguka mara mbili. Hatimaye akaishikilia kwa vidole, akainama juu ya pamba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikwenda kwenye beseni, akatazama mayai mengine, angavu na yale machache meupe, akarudi kwenye tangi, akayatazama mashavu ya madume.

"Miaka yote hii," alimwambia dada yake, "tumewapelekea watoto wetu samaki wawili wawili, na hatukujua nani ni nani."

"Samaki ya dada mukubwa hayakuzaa hata siku moja," alisema binti. Alikuwa ameshamrudisha jike majini.

"Pengine walikuwa ndugu wawili wanaume," mama alisema, akairudisha chupa mezani, akaanza kucheka na kufuta macho kwa ncha ya mtandio. "Maskini. Wamekaa wawili tu kwenye bakuli, kila mutu anangoja mwenzake aanze."

Siku ya nne, ndani ya beseni, nilianza kuona watoto, nyuzi zenye macho mawili zimening'inia kwenye kuta. Niliwalisha kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kwa ncha ya kijiti cha meno. Hao ni habari nyingine. Watoto hawa huzaliwa bila dhahabu, wa rangi ya kahawia kama matope, na nilishamwonya mama asipige simu kwa sababu ya hilo.

Kuchagua wawili wa harusi kulileta mabishano. Jike hakukuwa na shaka, ni yule mweupe. Kwa dume, mama alitaka lile lenye vipele vichache, au tusubiri vipungue, ili wakwe wasije wakasema binti ameletwa pamoja na samaki mgonjwa. Binti alilitaka lile la tatu, lenye vingi mpaka karibu na jicho.

"Watu wataongea," mama alisema.

"Waongee. Mi ndiye nimemulisha."

Siku ya kuchukua vitu vya bibi harusi, nilikuwa uani kwao na bidoni, yaani dumu, la maji yaliyokaa siku nzima ili dawa ya bomba iishe, nikijaza bakuli la safari. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wamejaa sebuleni, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia yote. Masanduku yalipita, yakasifiwa. Udi ulipita. Kisha bakuli likaingia, na sebule ikatulia kidogo, kwa sababu habari ya samaki wa nyumba ile inajulikana. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliinama.

"Huyu iko na nini kwenye uso? Mbona ana madoa meupe?"

Nilisimama na bidoni mkononi. Bibi harusi, aliyetakiwa siku ile kukaa kimya na kuinamisha kichwa, aliinua kichwa.

"Shangazi," alisema, kwa sauti ya kutosha chumba kizima, "huyo ndiye bwana. Weka macho kwenye shavu, si pahali pengine. Yakiwa shavuni, iko tayari kuoa. Yakiwa mukiani, mupigie simu fundi."

Mmoja alianza kucheka, kisha vigelegele vikapanda mpaka sikusikia tena maji niliyokuwa ninamwaga, na shangazi yule akavuta kiti, akakaa mbele ya bakuli, akaomba aonyeshwe tena ni shavu lipi.